Thomas Graham: Mskoti aliyepima mwendo wa chumvi ndani ya maji

Mimi ni mfanyabiashara wa chumvi. Tangu niliporejea nyumbani Burundi kutoka kambini mkoani Kigoma, kazi yangu imekuwa kununua chumvi ya Uvinza, kuivusha mpaka wa Manyovu na Mugina, na kuiuza Mabanda na vijiji vya jirani. Chumvi naijua kwa mkono na kwa ulimi. Naijua iliyokauka na iliyobeba unyevu, na gunia lililonyeshewa njiani nalitambua hata kama mwenye nalo ataapa kwamba halikuguswa na tone.

Lakini kuna jambo moja kuhusu chumvi ambalo sikulijua hadi dada yangu mkubwa alipougua figo. Mara mbili kwa wiki hulazwa kitandani saa nne nzima, damu yake ikitoka mwilini kwa mrija, ikipita katika mashine na kurudi. Siku ya kwanza aliniuliza kwa sauti ndogo ile mashine inajuaje kipi ni uchafu na kipi ni damu. Sikuwa na jibu, nikampelekea daktari swali lile. Daktari akaniambia kwamba mashine haijui kitu. Inachofanya ni kutumia tabia ya chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka kusambaa vyenyewe ndani ya maji, na aliyeipima tabia hiyo kwa makini alikuwa mkemia wa Uskoti aitwaye Thomas Graham. Jina hilo nililiandika nyuma ya daftari langu la madeni. Tangu hapo nimeyasoma maisha yake kila nilipopata nafasi, na leo nawaletea wasomaji niliyoyapata.

Thomas Graham alizaliwa mjini Glasgow tarehe 20 Desemba 1805. Baba yake, James Graham, alikuwa mtu wa mali aliyejipatia riziki kwa utengenezaji wa nguo, na alikwisha kumpangia mwanawe maisha: awe mchungaji katika Kanisa la Uskoti. Mwaka 1819 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow akiwa hata hajatimiza miaka 14. Huko alikutana na Profesa Thomas Thomson, mwalimu wa kemia, na kuanzia hapo moyo wake ukahamia kwenye chupa na mizani.

Baba hakupendezwa. Kijana alipokwenda Edinburgh kuendelea na kemia badala ya mambo ya dini, mkono wa baba ulifungwa. Graham akajitafutia chakula kwa kufundisha na kuandika. Mama yake na dada yake ndio waliosimama upande wake. Kwa sisi tuliorejea, habari ya mtu kuanza maisha upya bila msaada wa nyumbani si ngeni, na labda ndiyo maana nilimpenda Mskoti huyu kabla hata ya kufika kwenye kazi zake.

Aliporudi Glasgow alifundisha watu wa kazi za mikono, na mwaka 1830 akapata uprofesa wa kemia katika chuo kilichoitwa Anderson's University. Katika miaka hiyo alitafiti kusambaa kwa vitu, akianza na gesi. Kila mtu anayeishi kando ya Tanganyika anajua kwamba ndagala wakianikwa uani, harufu yao huingia chumbani bila kubebwa na mtu. Graham alitaka kujua mwendo huo una kasi gani. Alichukua mrija wa kioo, akauziba upande mmoja kwa plasta yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, akapima gesi iliyotoka na hewa iliyoingia. Mwaka 1833 alichapisha kanuni ambayo wanafunzi wa sekondari wanaijifunza hadi leo kwa jina lake: gesi nyepesi husambaa haraka kuliko gesi nzito, na kasi yake hufuata kipeuo cha pili cha uzito wake, lakini kwa kinyume. Kwa mfano, oksijeni ina uzito mara 16 kuliko haidrojeni, na haidrojeni husambaa kwa kasi mara 4 kuliko oksijeni.

Katika chuo hicho hicho kuna habari inayotugusa sisi wa ukanda huu. Msaidizi wa Graham katika maabara alikuwa kijana aitwaye James Young, ambaye baadaye alitajirika kwa kutengeneza mafuta ya taa. Na mwaka 1836 aliingia chuoni mwanafunzi maskini aliyetoka kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Alikuwa akisomea udaktari na alihudhuria masomo ya kemia ya Graham. Mwanafunzi huyo ni David Livingstone, yule yule ambaye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, na ambaye jiwe la kumkumbuka yeye na Stanley lipo Mugere, kusini ya Bujumbura. Yeye na Young wakawa marafiki hadi kifo. Tutarudi kwao baadaye.

Mwaka 1837 Graham alihamia London kuwa profesa wa kemia katika University College, na mwaka 1841 alipoanzishwa umoja wa wakemia wa London, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Hakuoa. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi iliyofuata ndiyo iliyonifanya nimtafute: alitoka kwenye gesi akaingia kwenye chumvi ndani ya maji.

Wakati ule watu walijua, kama mama yeyote jikoni anavyojua, kwamba ukitia chumvi chini ya sufuria ya maji bila kukoroga, baada ya muda maji ya juu nayo yatakuwa na chumvi. Ambacho hakikujulikana ni kiasi. Je, chumvi inakwenda kwa kasi gani? Je, chumvi zote zina mwendo mmoja? Na zikiwekwa mbili pamoja katika maji yale yale, zinakwenda bega kwa bega, au kila moja inashika njia yake?

Chombo alichotumia Graham hakikuwa na anasa yoyote. Alichukua chupa ndogo ya kioo, akaijaza maji ya chumvi aliyoyapima mpaka kwenye shingo, akaisimamisha wazi ndani ya mtungi mkubwa wa kioo, kisha akaujaza mtungi ule maji safi taratibu mpaka yaifunike chupa. Baada ya hapo aliiacha. Hakukoroga, hakutikisa, na alijitahidi joto la chumba lisibadilike, kwa sababu maji yakipata joto upande mmoja huanza kuzunguka yenyewe na kipimo chote huharibika. Baada ya siku 7 au 8 alifunika mdomo wa chupa kwa kipande cha kioo, akaitoa, akayachemsha maji ya mtungi hadi yakaisha, na kuipima chumvi iliyobaki. Chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa imesafiri.

Kazi hii aliitolea mhadhara katika Royal Society ya London mwezi Desemba 1849, na ikachapishwa mwaka 1850. Hizi hapa namba zake za chumvi ya kawaida. Alitengeneza maji ya aina nne: yenye chumvi sehemu 1, 2, 3 na 4 kwa kila sehemu 100 za maji. Chumvi iliyotoka ilikuwa greni 2.78, kisha 5.54, kisha 8.37, kisha 11.11. Greni ni kipimo cha zamani cha Waingereza, na moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Ukigawanya namba hizo utaona kwamba chumvi maradufu ilitoa maradufu, mara tatu ikatoa mara tatu, na mara nne ikatoa karibu mara nne kamili. Hakuna upotevu wa kueleweka vibaya. Mwenye duka yeyote anayefunga hesabu zake jioni atajua ni raha gani kuona namba zikikubaliana hivyo.

Baada ya chumvi moja moja, aligeukia swali gumu zaidi: chumvi zikiwa pamoja. Alizichanganya mbili ndani ya chupa moja, akaziacha zisambae, kisha akapima kilichotoka. Alikuta kwamba hazitoki kwa kiasi kilekile zilichochanganywa. Ile yenye mwendo mwepesi hutangulia, na ile nzito hubaki nyuma, wakati mwingine ikicheleweshwa hata kuliko ilivyokuwa peke yake. Kwa hiyo maji matupu yaliyotulia yanaweza kuanza kutenganisha chumvi mbili bila moto na bila chujio. Hata shabu, ambayo imeundwa na chumvi mbili zilizoshikana, moja ya potasiamu na nyingine ya alumini, ilianza kuachana ndani ya maji: sehemu ya potasiamu ilitoka mbele na kuiacha ya alumini.

Kisha akajaribu jambo jingine. Badala ya maji safi, mtungi wa nje aliutia maji yenye chumvi nyingine. Mtu angetarajia njia imekwisha kujaa, kama daraja la mpakani siku ya soko, na chumvi ya ndani ingekwama. Haikukwama. Katika maji yenye chumvi kidogo ya aina nyingine, ilisambaa karibu sawa na katika maji safi. Alichotambua ni kwamba kila chumvi hufuata zaidi pengo lake yenyewe, yaani tofauti kati ya ilipo nyingi na ilipo chache, bila kujali sana wingi wa wengine.

Graham alikuwa mpimaji, si mtu wa kuandika milinganyo. Kazi hiyo ilifanywa na Mjerumani Adolf Fick, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya mwili. Mwaka 1855 Fick alizichukua namba za Graham na kuonyesha kwamba mwendo wa chumvi hufuata kanuni ya aina moja na ile ya joto linavyopita katika chuma. Baadaye ilijulikana pia kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika katika chembe zenye umeme chanya na hasi, na chembe hizo haziwezi kuachana mbali; ya haraka humvuta wa polepole, na wa polepole humzuia wa haraka. Katika karne ya 20 wataalamu kama Lars Onsager, mzaliwa wa Norway aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1968, walieleza jinsi mwendo wa kitu kimoja unavyoweza kusukuma au kuvuta mwendo wa kingine ndani ya maji yale yale. Yote hayo yalijengwa juu ya msingi wa chupa ndani ya mtungi.

Mwaka 1855 huo huo serikali ya Uingereza ilimteua Graham kuwa mkuu wa kiwanda cha kutengeneza sarafu, cheo alichowahi kushika Isaac Newton. Wafanyabiashara wenzangu watapenda kujua kwamba ni chini ya uongozi wake, mwaka 1860, sarafu nzito za shaba za Waingereza zilipobadilishwa kuwa za shaba iliyochanganywa na bati. Wengi wangeona cheo hicho ni kiti cha kupumzikia. Yeye alirudi kwenye maji yake.

Matunda yalionekana mwaka 1861. Alikuwa amegundua kwamba vitu vilivyoyeyuka vimegawanyika makundi mawili. Kuna vile vinavyoganda kama fuwele, mfano chumvi na sukari, ambavyo husambaa haraka. Na kuna vile vinavyofanana na gundi, mfano ute wa yai, ambavyo hujikokota. Aliita kundi hili la pili koloidi, neno alilolitoa katika Kigiriki lenye maana ya gundi. Alipanga vitu kwa muda vinaotumia kusambaa kwa kiasi sawa: asidi ya hidrokloriki ikichukua muda wa 1, chumvi ya kawaida huchukua 2.33, sukari 7, na ute wa yai 49.

Hapo akapata wazo. Alichukua duara kama la chekecheo, akalitandaza karatasi maalumu inayofanana na ngozi, akaliweka lielee juu ya maji. Kitu chochote cha kioevu alichokimimina ndani yake kilianza kujigawa: chumvi zilipenya karatasi na kushuka majini, na vile vya kundi la gundi vikabaki juu. Njia hiyo aliipa jina la dayalisisi. Alionyesha kwamba inaweza kutenga sumu ya aseniki kutoka katika vimiminika vizito, jambo lenye faida katika uchunguzi wa vifo. Alimimina pia mkojo, nusu lita, akauacha siku moja, na katika maji ya chini akaikuta yurea, ile takataka ambayo figo nzima huitoa mwilini kila siku. Graham hakuwa tabibu wala hakumtibu mgonjwa yeyote wa figo. Lakini mlango alikwisha kuufungua.

Alifariki dunia London tarehe 16 Septemba 1869, akazikwa katika kanisa kuu la Glasgow. Mwaka 1872 sanamu yake ilisimamishwa katika uwanja wa George Square mjini humo, na aliyelipa gharama ni yule msaidizi wake wa zamani, James Young. Mwaka uliofuata Livingstone naye alifariki, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliutoa mwili matumbo, wakautia chumvi na kuukausha juani siku 14, kisha wakaubeba kwa miguu hadi pwani ya Bagamoyo. Chumvi ilisambaa ndani ya nyama na kuuhifadhi mwili wa mwanafunzi wa Graham katika safari ya miezi mingi. Watu waliofanya hivyo hawakuwa wamesoma kemia ya chuo chochote. Waliijua chumvi kama sisi tunavyoijua. Na Young, rafiki wa siku za maabara, ndiye aliyewagharimia Chuma na Susi waende Uingereza mwaka 1874.

Ilichukua muda mrefu kabla ya karatasi ya Graham kufika kitandani kwa mgonjwa. Mwaka 1913 John Abel na wenzake huko Marekani walisafisha damu ya mbwa kwa njia hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mji wa Kampen nchini Uholanzi, daktari Willem Kolff alizungusha damu ya wagonjwa katika mirija ya selofeni, ile inayotumika kufungia soseji. Alianza mwaka 1943, na wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 alipona mwanamke wa miaka 67, na tangu hapo kazi haikurudi nyuma.

Sasa narudi kwa dada yangu, kwa kuwa hapa ndipo swali lake lilipojibiwa. Ndani ya mashine, damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba, na upande wa pili hupita maji yaliyotiwa chumvi kwa kipimo. Sodiamu katika maji hayo huwekwa karibu sawa na ile ya damu, ili isitoke ovyo. Potasiamu huwekwa chache, ili iliyozidi katika damu ihame. Yurea haimo kabisa, kwa hiyo hutoka. Baikaboneti huwekwa nyingi, ili iingie mwilini kupunguza ukali wa asidi. Vyote hivyo hupita kwa wakati mmoja katika utando mmoja, vingine vikienda na vingine vikija, kila kimoja kikifuata pengo lake. Chembe za damu na protini, ambazo ni kubwa, hubaki zilipo. Hakuna anayechagua. Anayechagua ni aliyepima maji kabla.

Kwamba kipimo ndicho uhai niliuona kwa macho. Msimu mmoja wa mvua barabara ilikatika, dada akakosa zamu moja ya mashine. Alikuwa amekula ndizi na maharage, chakula chetu cha kila siku, na vyote viwili vina potasiamu nyingi. Miguu ililegea, moyo ukaanza kupiga bila mpango. Daktari alinieleza kwamba potasiamu ikizidi katika damu inaweza kuusimamisha moyo. Tulipomfikisha, walimwunga na mashine mara moja. Nilikaa pembeni nikiangalia saa. Kufikia saa ya tatu alikuwa akiniuliza kama nimekwisha kumlipa mwenye pikipiki.

Baada ya siku ile nilitaka kuona mwenyewe. Nilichukua chupa mbili ndogo zinazolingana na ndoo mbili. Katika chupa moja nilitia maji yenye chumvi ya Uvinza sehemu 2 kwa 100, na katika ya pili sehemu 4. Niliziacha siku 8 katika chumba cha nyuma, nikawakataza watoto hata kukimbia karibu. Kisha nilichemsha maji ya kila ndoo hadi yakakauka. Mizani yangu ya dukani haikutikisika, kwa hiyo nilikwenda kwa jamaa mmoja anayenunua dhahabu akanipimia kwa mizani yake ndogo. Hesabu yangu haikuwa safi kama ya Graham, kwani maji ya kwetu yana chumvi zake na mkono wangu si wa maabara. Lakini chupa ya pili ilitoa karibu maradufu ya ile ya kwanza.

Nilimwonyesha dada vile vijikaratasi viwili vyenye unga mweupe. Yeye haruhusiwi kuonja chumvi yangu ila kidogo sana, na huwa anatania kwamba ana mdogo mwenye maghala ya chumvi na yeye anakula mboga isiyo na ladha. Alivishika, akavipima kwa kiganja, akasema kweli cha pili ni kizito. Kisha akaniomba nimsomee tena habari za yule Mskoti ambaye baba yake alitaka awe mchungaji.